Bafu la Nyumba Namba Saba

Mimi ni msimamizi wa mradi wa nyumba. Watu wakisikia hivyo wanadhani nakaa ofisini, nakunywa chai na kutia saini. Thubutu! Kazi yangu ni kuhakikisha nyumba thelathini zinajengwa kwa wakati na kwa kufuata ramani. Lakini kutwa nzima kazi yangu ni kuulizwa maswali. Saa moja asubuhi, hata kofia ngumu sijavaa, mmoja anataka saruji. Mwingine anataka ruhusa. Wa tatu anataka kujua wa pili amekwenda wapi. Na simu nayo hailali. Naongea na simu nikitembea, nikila, hata nikipanda ngazi. Mafundi wamenibandika jina la Bi Simu, nao wanadhani silijui.

Asubuhi moja nilikuwa nakagua nyumba zilizokaribia kwisha. Namba moja mpaka namba sita, hakuna neno. Nikaingia namba saba. Nikasimama. Nikatoka tena nje kutazama namba ukutani, maana nilidhani nimepotea. Sikupotea. Nikarudi ndani.

Jiko lilikuwa kubwa, kubwa kweli. Bomba la choo lilikuwa limechomoza katikati ya jiko hilo, pale ambapo mtu angeweka meza. Bafu lilikuwa na mlango mpana, mzuri. Lakini ukipiga hatua moja ndani ya mlango huo, pua inagusa ukuta.

"Fundi!" nilipiga kelele. "Fundi mwashi! Njoo hapa upesi!"

Fundi mwashi akaja akijifuta saruji mikononi. Ni mtu mzima, mpole, na ukuta wake haupindi hata kidogo.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Bafu, bosi."

"Bafu? Hili ni kabati! Nani kakwambia ujenge hivi?"

"Wenyewe, bosi. Wenye nyumba."

"Wenyewe nani?"

"Wote," akasema.

Nikashika kiuno. Kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma, na saa mbili ilikuwa bado haijafika.

Nyumba namba saba ni ya mshonaji nguo. Atakaa humo na mkewe na mama yake. Mama yake aliugua miaka miwili iliyopita, miguu ikaisha nguvu, na sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Wamepanga chumba kimoja, na bafu liko ng'ambo ya ua, juu ya ngazi tatu. Kila siku mwanawe anambeba kwenda huko. Mwanawe asipokuwepo, mkwewe anamuomba jirani wasaidiane. Siku nyingine bibi huyo hanywi maji kuanzia mchana, ili asimsumbue mtu. Siku walipokuja kuchagua nyumba aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki jumba la fahari. Nataka kuoga peke yangu. Basi."

Na sasa tulikuwa tumebakiwa na siku kumi na mbili. Baada ya hapo mafundi wangehamia eneo jingine, na kuwarudisha kungekuwa mwaka ujao. Nikawapigia simu wenye nyumba waje siku ileile.

Walikuja saa nane mchana, wote watatu. Mshonaji alikuwa na uzi begani. Mkewe alikuwa anasukuma kiti cha mama.

"Haya," nikasema, "naomba mnieleze. Nani aliomba nini?"

"Mimi niliomba mlango mpana," bibi akasema. "Kiti changu kinapita kwa shida. Nilimwambia fundi, akaniitikia vizuri."

"Mimi niliomba bafu lisogezwe karibu na chumba cha mama," mshonaji akasema. "Kwa nini ahangaike kwenda mbali?"

"Na wewe, dada?" nikamgeukia mkewe.

"Mimi niliomba jiko liongezwe mita moja," akajibu kwa sauti ya chini. "Nilitaka mama aweze kuingia na kiti chake, tupige soga nikipika."

Nikamtazama fundi mwashi. "Kwa hiyo ukapanua mlango."

"Ndiyo."

"Halafu ukahamisha kuta za bafu, ukaliacha bomba la choo palepale."

"Bomba si kazi yangu, bosi."

"Halafu ukachukua mita moja ya hilo bafu ukaipeleka jikoni."

"Niliombwa," akasema. "Na kila aliyeniomba aliniomba kwa heshima."

Jamani! Ningelia ningechekwa.

"Hebu nijaribu," bibi akasema. Mkwewe akamsukuma. Kiti kikapita mlangoni bila taabu. Kisha vikanyagio vikagonga ukuta. Akajaribu kugeuka kushoto, hakugeuka. Kulia vilevile. Nusu ya kiti ilikuwa bado nje, na mlango usingeweza kufungwa. Akarudi kinyumenyume bila kutazama mtu.

"Basi, nitaendelea kubebwa," akasema. "Nimeshazoea."

Maneno hayo yalinichoma. Na mimi nikichomwa namtafuta wa kumchoma. Nikamvaa fundi mwashi.

"Umeona? Umeona ulichofanya? Miaka yote hiyo kazini hujui kwamba ukuta hauguswi bila ruhusa? Nani alikupa ruhusa? Mtaje! Nataka jina!"

Fundi mwashi akatazama viatu vyake.

Fundi bomba ndiye aliyejibu. Ni mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na muda wote huo alikuwa amechuchumaa jikoni akilitazama bomba lake. Akasimama.

"Bosi, usimkaripie mwenzio bure," akasema. "Ruhusa ilitoka."

"Ilitoka kwa nani?"

Akatoa daftari la shule kwenye mfuko wa ovaroli. Akafungua, akasoma taratibu.

"Jumatatu. Fundi mwashi amempigia msimamizi simu mbele yangu. Ameeleza habari ya mlango. Msimamizi amesema: sawa, fanyeni. Alhamisi. Ameeleza habari ya kuhamisha bafu. Msimamizi amesema: sawa, fanyeni. Jumamosi. Ameeleza habari ya jiko. Msimamizi amesema: sawa, sawa, fanyeni, nina mtu kwenye laini nyingine."

Akafunga daftari. Mshonaji akakohoa. Simu yangu ikaanza kuita. Niliizima. Uso ulikuwa umenishuka, sikujua niuweke wapi.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza fundi bomba.

"Nilikuja ofisini mara mbili. Ulikuwa unaongea na simu. Ulininyooshea kiganja hivi, nisubiri. Nikasubiri."

Nikamgeukia fundi mwashi. "Nisamehe, fundi. Nimekuonea."

"Yamekwisha, bosi," akasema. Ila macho yake yalikuwa bado kwenye viatu.

"Mimi sasa nataka kufahamu," mshonaji akasema. "Sote tulimtakia mama mema. Sasa kosa letu liko wapi?"

"Kuomba si kosa, kaka," fundi bomba akajibu. "Kosa ni kwamba kila ombi lilikuja peke yake na likajibiwa peke yake. Ukuta ukisogea, bomba nalo linatakiwa lisogee. Jiko likiongezwa mita moja, hiyo mita inatoka chumba kingine. Kabla ya kusema sawa, mtu aweke ramani mezani aulize: hiki tunachobadilisha kinagusa nini? Tena wenye nyumba wawepo wote. Akija mmoja leo na mwingine kesho, ndiyo haya."

"Na ramani yenyewe hatuijui kuisoma," mke wa mshonaji akasema. "Mimi naona mistari tu."

"Basi tuichore chini," fundi bomba akasema. "Kwa ukubwa wake wa kweli. Nani ana chaki?"

Mshonaji alikuwa nayo, ya kuchorea vitambaa. Tukatoka nje, kwenye sakafu ya zege mbele ya nyumba. Fundi bomba akashika tepu. Kwanza hakupima chumba, alimpima bibi kwenye kiti chake.

"Kiti kina upana wa sentimita sitini na tano," akasema. "Mlango uwe na nafasi ya sentimita tisini, ili vidole vyako visikwaruzwe. Na ndani, ili ugeuke mzima mzima bila kusukumwa, tunahitaji duara la mita moja na nusu, lisilo na kitu ndani yake."

Akachora bafu lote, mahali pake pa mwanzo penye bomba. Hapa choo, hapa bomba la mvua, hapa mlango. Bibi akaingia kwenye bafu la chaki, akageuka kulia, akageuka kushoto. Akasogea mpaka pembeni ya choo, akanyoosha mkono.

"Hapa nitashika nini?" akauliza.

"Umeona?" fundi bomba akaniambia. "Ramani isingeuliza swali hilo." Akapima mkono wa bibi ulipofika. "Tutaweka chuma cha kushikia, urefu huu huu. Na mlango utafunguka kwa nje. Mtu akianguka ndani, mlango wa kufunguka kwa ndani unamgonga, na hamwezi kumfikia. Sakafu haitakuwa na kizingiti. Itainama kidogo kuelekea tundu la maji."

Tukachora na jiko. Hapo ndipo ile mita moja ya jiko ilipoonekana kwa macho. Ilikuwa inapita katikati ya choo cha bibi.

"Loo!" mkwewe akasema. "Nilikuwa nampikia mama chooni!"

"Hiyo mita irudi kwa mwenyewe," bibi akasema. "Nafasi iliyokuwepo jikoni inanitosha. Au unataka nije na kiti nikumenyee vitunguu kila siku?"

"Si kila siku, mama," mkwewe akacheka. "Mara tano tu kwa wiki."

Likabaki swali moja. Kama bafu linarudi mahali pake penye bomba, litakuwa mbali na chumba cha bibi. Mshonaji akaanza kukunja uso. Mimi nikaanza kuwaza habari ya kufukua mabomba upya, huku nikihesabu siku kumi na mbili kwa vidole.

"Chumba cha kando ya bafu ni cha nani?" bibi akauliza.

"Chetu," mkwewe akasema.

"Kwani kimeandikwa jina?"

Mume na mke wakatazamana. "Mama achukue hicho," mke akasema. "Sisi tuhamie kile cha mbali."

Nusura nijipige kofi. Tulikuwa tumevunja ukuta, tumehamisha bafu, tumepoteza matofali, na dawa ilikuwa kubadilishana vyumba! Dawa hiyo haikuhitaji hata tofali moja.

Jioni ile nilitengeneza karatasi. Ina mistari minne tu. Nini kinabadilika. Kinagusa nini. Nani ameomba. Nani ameruhusu, na tarehe. Wenye nyumba wote wanatia saini, na mafundi wote wanaohusika, na mimi, tukiwa na ramani mbele yetu. Nakala moja inabandikwa ukutani ndani ya nyumba yenyewe. Kesho yake niliwakusanya mafundi wote nikawasomea.

"Bila karatasi hii," nikasema, "hakuna kugusa tofali. Hakuna tena 'sawa, fanyeni' ya simu."

"Hata bosi mwenyewe akinipigia?" fundi mwashi akauliza.

"Hasa bosi mwenyewe."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliwaacha wacheke.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, sitadanganya. Fundi mwashi alibomoa kuta zake mwenyewe huku ananung'unika, na nani angemlaumu? Ukuta wake ulikuwa umenyooka. Mimi nilienda namba saba kila asubuhi, simu nikiiacha ofisini. Siku ya tano mwenye nyumba namba kumi na mbili alinifuata njiani. Alitaka madirisha mawili zaidi, tena leo hii.

"Sawa, fan..." nikasema, nikajiuma ulimi. "Njoo na mkeo, tujaze karatasi."

"Madirisha tu, dada! Mnapenda sana urasimu!"

"Madirisha hayo yanagusa nini?"

Akafikiri. "Nyuma ya ukuta huo kuna tangi la maji," akakiri.

"Haya. Saa tisa, na mkeo."

Siku ya kumi na moja namba saba ilikuwa tayari. Familia ilihamia siku iliyofuata asubuhi. Hata kabla vitanda havijashushwa, bibi aliomba taulo na sabuni. Akajisukuma mwenyewe mpaka bafuni. Mwanawe akamfuata, mikono imeshatangulia mbele kumbeba, maana mikono ilikuwa imezoea.

"Unakwenda wapi?" bibi akamuuliza.

Mshonaji akasimama. Mlango ukafungwa. Tukasikia kitasa kikizungushwa. Fundi bomba alikuwa ameweka kitasa kinachoweza kufunguliwa hata na mtu aliye nje, ikitokea dharura, lakini hilo halikututuliza. Tulisimama pale mlangoni, mshonaji, mkewe, fundi mwashi, fundi bomba na mimi. Tulisikia magurudumu. Yakageuka. Kisha kimya.

"Mama?" mshonaji akaita. "Umefika? Umeshika chuma? Mama, unahitaji msaada?"

Maji yakaanza kumwagika.

"Mama, uko salama?"

"Hivi nyie watu," sauti ikatoka ndani, kali, "hamna kazi za kufanya? Ondokeni hapo mlangoni. Naoga."