Diski ya Kuwashia ya Bwana Pasi

Jumamosi saa tano asubuhi, jumba la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu wasiojua wanataka nini. Dada Bisibisi, fundi wa kompyuta wa kibanda cha kona, aliwadharau wote bila ubaguzi. Kulikuwa na wale wanaonunua kwa rangi ya boksi, na wale wanaouliza "hii ina kasi?" utadhani watashindana nayo mbio. Ndipo akatokea mwanamume mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka kupita kiasi. Hapohapo akambandika jina: Bwana Pasi.

"Dada, natafuta SSD, diski ndogo ya kuwashia seva. Ya nyumbani."

"Seva ya nyumbani! Umeisoma kwenye simu jana?"

"Juzi," akajibu bila haya.

Dada Bisibisi alitaka kucheka, akakasirika kwa kutaka kucheka. Mwanamume akaeleza kwamba yeye ni mshona suti, na anaishi na baba yake asiyeona. Mama alifariki, akaacha mamia ya jumbe za sauti. Kila asubuhi, akinywa chai, mzee alitaka kumsikia mkewe. Jumbe zilikuwa kwenye diski mbili kubwa. Ilibaki ndogo ya kubeba mfumo wa kuiwasha seva.

"Angalau umezitenganisha. Wengine hurundika vyote pamoja, diski ikifa wanalia kama wamefi—" Akajiuma ulimi.

"Malizia tu," akasema akitabasamu. "Mama angekupenda."

Dada Bisibisi akavuta droo na kumtolea SSD iliyong'olewa kwenye seva ya ofisi. Ndani ilikuwa na kapasita zinazohifadhi umeme kidogo, ili ukikatika ghafla imalize kuandika ilichokuwa ikiandika. Alikuwa ameipima wiki nzima. Hakumwambia kwamba ilishatumika, wala kwa nini ni bora. Mtu wa pasi angeelewa nini?

Wiki tatu mfululizo simu iliita kila saa ya chakula cha mchana.

"Bisibisi wangu, taa ya kijani inawaka."

"Mimi si wako. Kijani ni nzuri. Kata simu."

"Kata wewe."

Hakukata. Akajua kitambaa gani hujikunja kwapani, na kwamba Bwana Pasi huimba anapokata nguo. Siku moja akajikuta amevaa gauni la bluu kazini, akamkaripia mteja wa kwanza aliyelisifu.

Kisha Jumamosi moja Bwana Pasi akaja uso umemkunjamana. Jamaa fulani alikuwa amemwonyesha jinsi ya kusoma saa ambazo diski imefanya kazi.

"Saa elfu kumi na nne! Umeniuzia kitu kilichokwisha kutumika! Tapeli wewe!"

Shingo za vibanda vyote zikageuka. Dada Bisibisi alikuwa na sentensi moja ya kummaliza: diski hii imetengenezwa kufanya kazi usiku na mchana, saa hizo kwake ni utoto. Hakuitamka. Anayepima kitu kwa upya wake hakustahili pumzi yake.

"Iache hapo, chukua pesa zako. Kanunue yenye boksi linalong'aa."

Akaenda, akanunua.

Mwezi ukapita, simu ikawa bubu. Dada Bisibisi alimkumbuka mno, akajidharau kwa kumkumbuka. Kisha siku moja mchana umeme ukakatika na kurudi mara tatu mfululizo, na kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Haiwaki. Baba hajala tangu jana. Anasema mama amenuna."

"Nakuja kwa ajili ya mzee. Wewe usinisemeshe."

Alimkuta mzee kati ya suti zilizotundikwa, chai imepoa mbele yake. Akafungua seva. Seva haikuitambua SSD mpya hata kidogo. Ilikuwa imekufa na boksi lake zuri likiwa bado rafuni.

"Shikamoo, mzee. Sauti zote zipo. Kilichokufa ni mlango tu, nyumba imesimama."

Kutoka mkobani akatoa ile diski ya zamani. Desturi yake ilikuwa kufuta kila diski iliyorudishwa, siku hiyohiyo. Hii hakuifuta, wala hakuiuza, na wateja watatu waliiulizia. Mfumo ulikuwa kama Bwana Pasi alivyouacha. Akaichomeka, taa ya kijani ikawaka, na sauti ya mwanamke ikajaza chumba: "Mume wangu, umekula? Usinisingizie kazi."

"Nakula, nakula," mzee akajibu, akipapasa meza kutafuta mkate.

Bwana Pasi alikuwa akilia waziwazi. "Nisamehe."

"Uliniita tapeli mbele za watu. Msamaha wa sebuleni siutaki."

Jumamosi iliyofuata, saa tano ileile, Bwana Pasi alikuja kibandani amevaa suti nyeusi, akapanda juu ya stuli.

"Jamani! Nilimwita huyu dada tapeli. Mjinga nilikuwa mimi. Mpya ya boksi imekufa, ya kwake inafanya kazi mpaka sasa. Tena nataka kumwoa, akinikubali!"

Watu wakapiga makofi. Muuza chaja akapiga mluzi. Dada Bisibisi akawatazama wote kwa dharau yake ya kawaida, ila safari hii haikumtuliza.

"Shuka, unawazibia wateja njia," akasema. Halafu akapaza sauti, maana haki ni haki. "Na mimi nilijua imetumika, sikumwambia. Nilimwona si mtu wa kuelezwa. Nilikosea."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida kuliko skrubu yenye kutu.

"Basi nieleze sasa," Bwana Pasi akasema.

Dada Bisibisi akamvutia stuli karibu, akapasua SSD mbovu ya ofisi, ya aina ileile aliyomuuzia, akaelekeza bisibisi kwenye vidude vya njano vilivyojipanga ukingoni.

"Hizi ni kapasita. Umeme ukikatika, ndizo huipa diski nguvu ya kumaliza kuandika; ile yako ya boksi haikuwa nazo. Ukielewa, nitakubali kuolewa. Usipoelewa nitakubali vilevile, ila nitakusema maisha yako yote."