Chai ya Mama na Dakika ya Sitini

Saa kumi na mbili asubuhi mama alikuwa ameshachemsha maji na ameshamwita binti yake mara tatu. Mama anauza chai kwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Chai yake ni ya rangi, nzito, kali. Wateja husema ukiinywa leo, usingizi utaupata kesho kutwa.

Binti ni mshambuliaji, jezi namba tisa. Uwanjani wanamwita Mwewe, kwa sababu beki akizubaa kidogo tu, mpira umeshanyakuliwa. Msimu uliopita alifunga mabao kumi na tisa.

Msimu huu, matatu.

"Wewe! Nikuletee ngazi ushuke kitandani?"

"Nimeamka, mama."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyemaliza mechi. Na alikuwa anafunga kamba tu.

Uwanjani ndiyo usiseme. Mpaka dakika ya hamsini, sawa. Ikifika ya sitini, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Mpira anauona, anautaka, haufikii. Mashabiki wakaanza kumwimbia: "Mwewe kawa kuku!"

Siku moja kocha alimwita pembeni. Kocha ni mwanamke wa makamo, mkali lakini msikivu.

"Mwanangu, baada ya wiki kumi mchaguzi wa timu ya taifa anakuja kututazama. Siwezi kumwonyesha mchezaji wa dakika sitini. Kwa sasa namba tisa nampa mwenzako. Una tatizo lolote?"

"Sina, kocha."

Alikuwa nalo. Alilijua. Hakulisema.

Nyumbani mama alikuwa na dawa yake. "Umechoka tu. Kunywa chai." Maharage na chai. Mboga na chai. Mtoto akizidi kuchoka, mama anazidisha majani.

Jumapili akaja wifi, mke wa kaka yake Mwewe. Kazi yake ni kupima damu kwenye kituo cha afya. Kwa utani hajambo.

"Wifi, mbona umepauka? Damu yako umempa nani?"

Mwewe akacheka. Wifi akamvuta kope ya chini kwa kidole, akatazama. Palikuwa peupe. Hapo utani ukaisha. Wakaingia chumbani, wakafunga mlango.

"Niambie kweli. Siku zako zikoje?"

Mwewe akageukia dirisha.

"Mimi napima mpaka choo cha watu. Utanionea aibu mimi?"

"Siku tisa," Mwewe akasema polepole. "Nabadilisha pedi kila saa. Siku ya mechi navaa mbili. Ni mwaka sasa."

"Nani anajua?"

"Wewe tu. Kocha akijua atasema mimi mgonjwa. Wataniacha."

"Na sasa hivi namba tisa anavaa nani?"



Kesho yake akapimwa. Wingi wa damu: nane nukta nne.

"Mwanamke anatakiwa awe na kumi na mbili au zaidi," wifi akaeleza. "Damu ndiyo inayobeba hewa kupeleka kwenye misuli. Sasa wewe, karibu theluthi ya wabebaji wako hawapo kazini. Wameondoka na hedhi."

Daktari alimchunguza. Akampa dawa ya kupunguza hedhi, na vidonge vya madini ya chuma.

"Chuma?" Mwewe akamgeukia wifi. "Si bora nitafune misumari!"

"Misumari mwachie seremala. Chuma kiko kwenye nyama, maini, maharage, mboga za majani. Ila kwako kimepungua mno, chakula peke yake hakitoshi. Kidonge meza kwa maji, kisha ule chungwa. Chungwa linasaidia chuma kuingia mwilini. Na chai usinywe pamoja na chakula wala kidonge. Subiri saa moja au mbili. Chai inakizuia chuma kisiingie."

"Hilo kamwambie mama wewe mwenyewe."

Wifi akaenda.

"Mkwe wangu!" mama akasema, mikono kiunoni. "Umekuja kuitukana chai yangu? Watoto wanne wamekua nayo!"

"Mama, damu haikumwagwa na chai. Ni hedhi. Ila chai ikinywewa pamoja na chakula, inamchelewesha kuirudisha. Kosa ni muda tu: angoje saa moja au mbili baada ya kula."

Mama akaitazama saa ukutani kana kwamba yenyewe ndiyo mkosaji. "Haya. Saa mbili. Mimi sifanyi mambo nusu."

Siku ya nne ya vidonge Mwewe alitoka chooni mbio. Akaacha vidonge siku tatu, kimya kimya. Kisha akapiga simu.

"Wifi, nakufa. Choo kilikuwa cheusi kama mkaa, nikaacha vidonge siku tatu!"

"Hufi. Ni chuma kilichobaki tumboni, ni kawaida. Choo kingekuwa kinanata kama lami, na tumbo linauma, ningekwambia njoo mbio. Kwa nini hukuniuliza siku ile ile? Siku tatu umezitupa bure!"

Hilo lilimchoma. Siku ile ile alimfuata kocha, akamweleza yote: hedhi, damu, vidonge. Alisema akitazama chini.

"Mimi nilicheza miaka kumi," kocha akajibu. "Ulidhani nilikuwa ukuta, sina hedhi? Tutapunguza mazoezi yako. Namba tisa tutaona."

Wiki ya tatu, hakuna tofauti. Alikaa benchi, mwenzake akafunga mawili. Wiki ya tano alifunga kamba za viatu bila kuhema. Wiki ya tisa akapima: kumi na mbili nukta moja.

"Itatosha?" akauliza.

"Wifi, mimi napima damu. Bahati sipimi. Na vidonge usiache mpaka daktari aseme."

Siku ya mchaguzi, kocha alisoma majibu ya kipimo, akamrushia jezi namba tisa. Mwewe alicheza huku anahesabu. Hamsini. Hamsini na tano. Sitini. Akaisubiri miguu imkatae. Sitini na tano. Bado ilikuwa yake. Dakika ya themanini na tatu mpira mrefu ukapita juu ya mabeki. Akaukimbilia, akaufikia, akamzunguka kipa, akafunga.

Mechi ilipoisha, mchaguzi alikuja na karatasi yake.

"Kuna jambo lolote la afya nilijue?"

Mwewe akafungua mdomo. Neno "hakuna" lilikuwa mdomoni kabisa. Akalimeza.

"Hedhi yangu ilikuwa nzito, ikanipunguzia damu. Natibiwa. Naendelea vizuri."

Mchaguzi akaandika. Akaandika tena. Kalamu ile ilichukua mwaka mzima.

"Afadhali umesema," akasema hatimaye. "Wenzako hunificha mpaka waanguke. Daktari wetu atakuona. Mazoezi ni Jumatatu, saa mbili kamili."

"Nitafika saa moja," Mwewe akajibu.