Ndege Iliyofagia Sebule

Asubuhi ile Fundi Saa alikuta maranda yamefagiwa. Jana yake alichonga mbao mpaka jioni, akayaacha yametapakaa chini ya meza yake ya kazi pembeni mwa sebule, maana mgongo ulimuuma na kufagia hakukuwa kazi aliyoipenda. Sasa yalikuwa yamekusanywa lundo moja safi karibu na mlango. Alimuuliza binti yake. Binti akasema ndiyo kwanza anaamka.

"Basi panya wa humu wamestaarabika," akasema, akacheka peke yake.

Mezani ilikuwapo ndege. Ndege ya mfano, ya kizamani, mabawa juu na mabawa chini, urefu wa mkono mzima, kila waya umevutwa kwa koleo la saa, kitambaa cha mabawa kimeshonwa kwa uzi mwembamba kama unywele. Aliijenga kwa miaka. Ingekuwa ya binti akiolewa, naye aje ampe mwanawe, ili ukoo mzima ukumbuke kwamba marehemu babu alikuwa rubani.

Marehemu hakuwa rubani. Alikuwa akifagia banda la ndege. Fundi Saa, mwanawe, alipokuwa shuleni aliona haya, akawadanganya wenzake, na uongo ule ukakua naye, ukaoa naye, ukalea mtoto naye. Waliobaki wakijua ukweli ni yeye na dada yake tu. Kitu pekee alichoacha mzee ni fagio lake, mpini wake mrefu umelainishwa na viganja. Fundi Saa alilificha nyuma ya kabati miaka yote, na alipokosa mbao kavu ya kuchongea rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, akaukata mpini huo. Alijiambia anamheshimu mzee. Moyoni alijua anafuta ushahidi.

Tangu rafadha ikae mahali pake, nyumba haikutulia. Mchana kweupe, mtu akiwa peke yake sebuleni, alisikia shwaa, shwaa, kama fagio juu ya saruji, na harufu ya mafuta ya mitambo ikapita mbele ya pua yake ikielekea jikoni, na akigeuka kuitazama ndege anaikuta rafadha inazunguka polepole, madirisha yote yamefungwa na hata pazia halitikisiki.

Mganga aliitwa. Alizunguka vyumba, akanusa, akasimama mbele ya ndege, kisha akafunga mkoba wake.

"Huyu si jini," alinong'ona. "Mgeni ningemtoa. Mwenyeji nitamtoaje? Kuna mtu wenu alikuwa anafagia?"

Fundi Saa na dada yake wakatazamana.

"Hakuna," akasema Fundi Saa.

Mganga alipoondoka, dada mtu alimvuta binti jikoni akamweleza yote. Binti akamfuata baba yake mezani.

"Baba, wakwe wakija waambie tu. Mimi sioni aibu."

"Nikuvunjie ndoa kwa ajili ya fagio?"

"Usiniozeshe kwa uongo, baba."

Fundi Saa alichukua kitambaa akaanza kufuta mabawa yaliyokuwa hayana vumbi.

Wakwe walikuja alasiri. Baba wa bwana harusi, mzee mcheshi, aliinamia ndege akiwa na miwani yake, akaisifu waya kwa waya, kisha akarudi kwenye kochi.

"Kwa hiyo marehemu ndiye aliyekuwa akirusha ndege kama hii?"

Binti alimkazia baba yake macho.

"Ndiye," akasema Fundi Saa. "Alikuwa rubani hodari."

Rafadha ikaanza. Ikazunguka taratibu, na ile shwaa ikashuka kutoka mezani mpaka sakafuni, ikapita mbele ya kochi walilokalia wakwe, na harufu ya mafuta na vumbi ikajaa sebule mpaka mazungumzo yakakatika, na mmoja baada ya mwingine, yule mzee mcheshi, mkewe, bwana harusi mwenyewe, wakainua miguu bila kujua kwa nini, macho yao yangali kwenye ndege, kama watu wanavyomwinulia miguu mfagiaji bila kumtazama usoni.

Binti hakuinua yake. Aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Fagio likasimama.

"Marahaba, mjukuu wangu," sauti ya kizee ikajibu, pale pale miguuni pake, na kila mtu akaisikia.

Kisha shwaa ikaanza tena. Ikamzunguka binti polepole, ikavuka zulia, ikafika kwenye kiti cha Fundi Saa, ikakoma mbele ya vidole vyake. Ilisubiri pale, kama mtu aliyezoea kusubiri. Wakwe wote walikuwa wamemgeukia.

"Kaka," dada yake akanong'ona, "mwamkie baba."

Fundi Saa alifungua kinywa. Aibu ilimpanda usoni, na neno ambalo hata mtoto mdogo analijua likakataa kutoka. Akaikodolea macho ndege yake. Taratibu, akainua miguu.