Nilibeba Begi la Gofu, Mama Akaoshwa na Jirani

Nina miaka thelathini na tisa, naishi Rahaleo hapa Mtwara mjini, nauza vitenge Chikongola, na sina mume. Nalisema hilo mapema ili wanaopenda kuuliza wasihangaike. Nilikuwa naye. Laiti ningemwacha mwaka mmoja kabla!

Nitamwita Shaibu, ingawa si jina lake. Ni mchezaji wa gofu wa kulipwa. Wengi wenu hamjui hilo ni dude gani, na hata mimi sikujua. Ni hivi: mwanaume mzima, aliyeoga na kunyoa ndevu, anazunguka kwenye uwanja wa majani tangu asubuhi, anapiga kijipira kwa fimbo ya chuma mpaka kiingie shimoni. Kikiingia, wanaume wengine wazima wanampigia makofi. Basi! Hiyo ndiyo kazi.

Nilimjua kwenye harusi ya binamu yake kule Ufukoni. Alikuja kutoka Dar es Salaam na viatu vyeupe, akakaa ukumbini muda wote hataki kukanyaga mchanga. Mimi nikaona ustaarabu, nikakubali kuolewa... Jamani, mwanaume anayeogopa mchanga wa kwao, nilitarajia nini kwake?

Mama yangu alikuwa mjane, akiishi kijijini karibu na mto Ruvuma. Babu zetu walivuka kutoka upande wa Msumbiji, wakapata ardhi, wakapanda mikorosho, na bondeni wakalima mpunga. Mama alizaa wawili tu, mimi na mdogo wangu Ally. Miguu ilipoanza kumvimba, aliniita ndani akanishika mkono.

"Mwanangu, ntoto wa kike ninaye mmoja. Ally atanishusha kaburini, lakini kuniosha utaniosha wewe. Sitaki ntu mwingine aone mwili wangu."

Nikamwahidi. Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ndiye anayetangulia kushika maji. Ndiyo heshima ya mwisho ambayo mtoto anaweza kumpa mama yake. Sikuona ugumu wowote katika ahadi hiyo.

Msimu wa mashindano ukaanza. Niliomba ruhusa nyumbani nikamfuata mume wangu Dar es Salaam kwa wiki moja, kumwangalia tu. Siku ya pili kedi wake, yaani yule anayembebea begi la fimbo, aliliweka begi chini katikati ya uwanja akaenda zake. Alichoka kutukanwa. Shaibu akikosea, kosa ni la kedi. Upepo ukivuma, ni kosa la kedi. Nzi akitua kwenye kofia yake, kedi ameita nzi!

Shaibu akanigeukia mimi. Akaniomba nimbebee wiki hiyo tu.

Nimekua nikibeba viroba vya mihogo kutoka shambani. Begi lile halikunitisha. Nikalitupa begani, na wiki hiyo moja ikawa msimu mzima... Morogoro, Arusha, tukavuka mpaka, tukarudi.

Sasa nisikilizeni. Kwenye gofu, mwisho wa kila njia kuna sehemu ya majani yaliyokatwa mafupi sana, ndipo lilipo shimo. Macho yanakuambia pamenyooka, kumbe pameinama. Shaibu alikuwa anainama, anachuchumaa, anafumba jicho moja, anapima kwa fimbo, halafu anakosea. Mimi nikiangalia mara moja naona maji yangeelekea wapi. Mtu aliyelima mpunga bonde la Ruvuma hafundishwi hilo. Usipojua maji yanakimbilia wapi, unakula mihogo mwaka mzima.

Nikaanza kumwambia, lenga hapa, acha kishuke chenyewe. Kikawa kinaingia! Mwaka uliotangulia alikuwa anakatwa kila Ijumaa. Kukatwa ni kwamba baada ya siku mbili za kwanza, wachezaji dhaifu wanarudishwa makwao, na waliobaki wanacheza Jumamosi na Jumapili. Nilipoanza kumsomea majani hakukatwa tena. Je, alimwambia mtu kwamba ni mimi? Thubutu! Aliwaambia wenzake amebadilisha namna ya kushika fimbo. Mbele yao mimi nilikuwa "mama wa begi".

Na mimi mjinga nilifurahi. Huo ndio ukweli, na ninauandika kwa aibu. Mama alinipigia mwezi wa sita, mikorosho inataka kupulizwa dawa ya salfa na Ally peke yake hawezi. Nikamwambia nitakuja baada ya mashindano haya. Akanipigia wa nane, miguu imezidi. Nikamwambia baada ya haya. Mama hakulalamika hata siku moja. Alisema tu, "Haya mwanangu, fanya kazi ya mumeo."

Likabaki shindano la mwisho, kule Kaskazini. Alhamisi hadi Jumapili. Uwanjani hairuhusiwi simu kuita, kwa hiyo kila asubuhi Shaibu alikuwa anachukua simu yangu, anaizima na kuiweka pamoja na yake. Safari hii akaniomba ikae kwake hata tukirudi gesti, mpaka Jumapili, ili akili yangu isivurugike. Nikampa. Hakuninyang'anya, wasomaji wenzangu. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, huku nacheka.

Ijumaa tukavuka salama. Jumamosi asubuhi mume wangu aliamka mtu mwingine kabisa! Akaninunulia supu. Akaniita kipenzi. Akabeba begi mwenyewe mpaka langoni, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu tufahamiane. Jioni akaniletea kuku mzima wa kukaanga na soda baridi, akaketi kunitazama nikila.

Nikamuuliza kama nyumbani wamepiga.

"Ally alipiga," akaniambia, huku ananiongezea chumvi. "Wazima wote. Mama anakusalimia sana."

Jumapili alikuwa wa tatu, mapigo machache tu nyuma ya aliyeongoza. Tukaenda shimo kwa shimo mpaka la mwisho. Kama kijipira kingeingia, angemaliza wa pili. Watu wamesimama pande zote, kimya. Shaibu, jasho linamtoka usoni, ananiuliza kwa kunong'ona, "Wapi? Wapi?" Nikamwonyesha sehemu nje kabisa ya shimo, upande wa kushoto. Akapiga. Kikaenda kama kinapotea, kikageuka taratibu, kikazama.

Nikapiga vigelegele! Nilirukaruka pale na kofia kichwani, begi mgongoni, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Watu wakacheka, wakanipiga picha. Shaibu akaichagua iliyo nzuri zaidi akaiweka mtandaoni kwa simu yake, kila anayemjua aione.

Kwenye maegesho, wakati anapeana mikono na wakubwa, nilichukua simu yangu mwenyewe kwenye mfuko wa begi nikaiwasha. Nilitaka kumpigia mama nimwambie habari njema...

Ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine. Wa juu kabisa ulitoka kwa binti wa mama yangu mdogo. Ulisema: "Tumeona picha. Hongera kwa ushindi. Sisi tuko matangani kwa mama yako."

Mama alifariki Jumamosi alfajiri. Akazikwa siku ile ile baada ya alasiri. Wakati mimi nang'ata paja la kuku, wao walikuwa wanatoka makaburini!

Ujumbe wa Ally ulieleza mengine: alikuwa amepiga simu ya Shaibu Ijumaa jioni kusema mama amezidiwa. Shaibu akamjibu nimelala. Akapiga Jumamosi kusema mama ametutoka, na wako tayari kusubiri mpaka Jumapili adhuhuri, ndege zipo. Shaibu akamwambia nimeitwa kazini nje ya nchi, sifikiki, na kwamba mimi mwenyewe nimesema wazike tu, wasiningoje.

Mimi mwenyewe nimesema!

Nilimfuata pale pale mbele ya hao wakubwa zake nikamuuliza. Hakukana. Akanivuta pembeni akiangalia nani anatusikia, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza: "Ningekwambia jana ungeondoka. Nani angenisomea majani? Na maiti hajui kaoshwa na nani."

Hivi mnamwona mtu huyo? Anaogopa mchanga, anaogopa nzi, anaogopa kijipira cha saizi ya limao, lakini Mungu hamwogopi. Sikumpiga. Sikumtukana. Nililishusha begi lake nikalilaza kwenye tope, nikaenda kutafuta basi la Dar es Salaam, na kutoka pale la Mtwara.

Nilifika Jumanne mchana. Tanga lilikuwa limeshaanuliwa, mikeka imekunjwa, sufuria zinarudishwa kwa wenyewe. Nikatoa salamu. Shangazi zangu waliitikia kwa midomo, macho yakiwa pembeni. Mmoja akauliza kwa sauti, "Leo hakuna mpira wa kushangilia?" Nikaanguka chini mlangoni.

Ally alinisikiliza yote. Alilia na mimi. Halafu akaniambia kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo.

"Dada, nakuamini hukusema. Lakini simu yako ilikuwa mikononi mwa nani, na nani alimpa?"

Nikauliza nani alimwosha mama.

Aliyemwosha mama ni Bi Somoe, jirani yetu. Walikuwa hawasemeshani miaka minane kwa sababu ya mkorosho mmoja wa mpakani. Wanawake walipokaa wakiangaliana nani atangulie, kwa kuwa binti hayupo, yeye ndiye aliyekunja mikono ya gauni akaingia. Nilikwenda kwake kumshukuru. Alinikaribisha kwenye mkeka, akanieleza kila kitu bila kuulizwa: maji yalikuwa ya vuguvugu, nywele alizifungua na kuzisuka upya, miguu ilikuwa imevimba akaishika polepole.

"Nilimwomba radhi huku namwosha," akasema. "Ilikuwa zamu yako, mwanangu. Mimi nimekushikia tu."

Bi Somoe hakunilaumu hata kidogo. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Shaibu alikuja baada ya miezi minne, kanzu mpya, kofia ya kiua, amefuatana na watu wawili wa kumsemea. Kwetu mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama, kwa hiyo walipelekwa kwake na mimi nikakaa nyuma ya pazia. Wale wawili wakasema sana kuhusu shetani na kupitiwa. Mjomba akawaacha wamalize, kisha akamuuliza Shaibu mwenyewe anataka nini.

Mnajua alijibu nini? Kwamba msimu mpya umeanza, amekatwa mara mbili mfululizo, na angeomba mambo yaishe kabla ya shindano la wiki ijayo!

Hakuuliza hata kaburi liko wapi.

Mjomba akavaa makubazi yake. "Kijana, nilidhani umekuja kutafuta nke. Kumbe unatafuta npagazi. Andika talaka, chai tutakunywa wenyewe."

Akaandika. Alikuwa na haraka ya basi.

Siku hizi nasikia anakatwa kila Ijumaa, na kedi hawakai naye. Mtu mwema angesema hafurahii mabaya yake. Mimi nayafurahia. Nikisikia amekatwa, siku hiyo nauza vitenge kwa raha, na atakayeniona mbaya anione.

Lakini nikirudi nyumbani nikavua viatu, dharau yote niliyonayo kwa yule mwanaume hainisaidii kitu. Alinidanganya siku mbili. Miezi iliyotangulia, "nitakuja baada ya haya" nilisema mimi. Mlango aliopitia niliufungua mwenyewe!

Dada yangu unayesoma haya, msaidie mumeo kazi yake, sikukatazi. Beba begi, beba jembe, simama naye. Lakini mzazi wako akikuita, nenda akiwa bado anaita kwa mdomo wake. Na habari za kwenu zisipite kwenye sikio la mtu mwingine kwanza, hata kama mtu huyo mnalala kitanda kimoja. Mimi sasa naosha maiti za wanawake hapa Rahaleo na kila kijiji wanakoniita, silipwi, wala sichoki. Nimeshaosha mama za watu wengi. Wangu sikumgusa.