Meza Aliyoiunda Mitwali

Maranda yalitoka yamelowa. Insaf aliyaona aliposhuka karakana na bilauri ya chai ya mumewe. Yalikuwa yamejikunja chini ya randa kama siku zote, lakini alipookota kiganja kimoja yalimganda, na maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Ubao wa mgunga uliokaa miaka na miaka hautoi maji. Katika mji wa Dumyat hilo hata paka analijua, maana hakuna nyumba isiyo na seremala chini na mke anayekohoa vumbi lake juu.

"Baba Rawia, ubao wako unatoka jasho."

"Na wewe ukipigwa randa utatoka jasho," Mitwali akajibu bila kuinua kichwa. "Weka chai, nenda zako."

Insaf akaiweka kwa kishindo, nusu ikamwagika. Alikuwa na hasira naye ya miaka ishirini na mitatu, nayo ilikuwa halali yake. Mume huyu alikuwa amewachongea matajiri wa Kairo meza zenye miguu ya simba na rangi ya dhahabu, meza za kulia watu kumi na wawili, na nyumbani kwake mwenyewe watu walikula wamekunja miguu sakafuni, wamezunguka kimeza kifupi cha duara chenye ufa. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa amezidi. Kila akiulizwa, mbao zimepanda bei.

Sasa Rawia, binti yao wa pekee, alikuwa ameposwa. Ijumaa Haja Tawhida na mwanawe Hilmi wangekuja kula chakula cha mchana na kusoma Fatiha ya uchumba. Watu wale walikula mezani. Rawia alimpenda Hilmi mpaka usingizi ulimruka, na Insaf aliapa kwamba mwanawe hatakosa nyumba njema kwa sababu ya uvivu wa babake.

"Wakitukuta sakafuni," alimwambia Mitwali, "nitakuinamisha wewe, nitandike kitambaa mgongoni mwako, niwapakulie hapo."

Jumanne Mitwali akarudi na mkokoteni wa mbao tatu, nene, ndefu kama kimo cha mtu. Insaf aliuliza zimetoka wapi.

"Umetaka meza, au umetaka kujua ukoo wa mti?"

Basi hakuuliza tena. Lakini sasa, amesimama na maranda mabichi mkononi, alinusa kafuri. Haikuwa gundi wala vanishi. Ilikuwa harufu ya kafuri, na chini yake harufu ya majani ya mkunazi yaliyopondwa. Na ubao wa katikati ulikuwa na mfereji mwembamba, upana wa kidole gumba, umetoka mwanzo mpaka mwisho. Mitwali alikuwa akiuziba kwa unga wa mbao na gundi, anausawazisha kwa patasi kwa haraka ambayo si yake.

"Mfereji huo wa nini?"

"Ubao wa zamani huu. Wewe mwenyewe una mikunjo, mbona sikuulizi?"

Meza ilikwisha Jumatano jioni, ikapandishwa juu. Miguu minne iliyonyooka, ndimi zimezama kwenye matundu yake bila msumari hata mmoja, uso umepigwa msasa mpaka unateleza. Haikuwa na ua wala simba. Insaf aliipapasa pembeni, na ingawa hakutaka, moyo wake ulilainika. Ilikuwa meza nzuri kuliko zote alizowahi kumwona akiunda. Karibu amwambie ahsante.

Alhamisi asubuhi alikuta mstari wa maji katikati ya meza, umenyooka kama uliopigwa rula. Akaufuta. Alipogeuka kutoka jikoni ulikuwa umerudi, na maji yalikuwa baridi. Akaufuta mara ya pili, ya tatu, mara ya nne akatandika kitambaa juu yake akakaa na Rawia wanywe chai, wapange nani atakaa wapi.

Walianza kwa utani. Haikupita dakika kumi, Rawia, mtoto ambaye hajawahi kumpandishia mamake sauti, alimwambia kwamba ananuka vitunguu, na kwamba watu watashangaa Hilmi ameokota mke wapi. Insaf akamjibu maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mwanawe. Bilauri ikarushwa, ikavunjika ukutani. Walipoinuka, kila mmoja aliona haya, na hakuna aliyejua hasira ile imemtokea wapi.

"Mama," Rawia akanong'ona, "hukusikia? Chini ya meza. Kama mtu anachota maji kwa bakuli la bati, anamwaga, anangoja, anachota tena."

"Ni bomba la jirani."

"Jirani hana maji tangu jana."

Insaf alishuka karakana. Alimwambia Mitwali ubao ule una neno, autoe, watakula sakafuni, basi. Mitwali akawaka. Alisema ameteswa miaka ishirini kwa ajili ya meza, na leo meza ipo analetewa hadithi za majini. Akasema mwanamke hata akiingizwa peponi ataulizia kivuli. Lakini alipokuwa akifoka, Insaf aliona macho yake hayamtazami.

Ijumaa baada ya sala wageni waliwasili. Haja Tawhida, mjane mnene mwenye bangili hadi kwenye kiwiko, aliisifu meza kabla hajakaa. Hilmi alikaa mkabala na Rawia, masikio mekundu kwa haya. Insaf akaleta bata wawili waliojazwa vitunguu, wali, jibini nyeupe, kachumbari. Bismillahi ikasemwa, mikono ikaingia.

"Bata wako ana chumvi, Mama Rawia," akasema Haja Tawhida, na tabasamu lake likaondoka. "Au ndiyo ada ya nyumba hii, kuficha nyama mbovu kwa chumvi?"

"Mbovu ni ulimi wako," Insaf akasikia kinywa chake kikijibu.

"Mama, kula unyamaze," akasema Hilmi, kijana mpole yule, na akapiga meza ngumi hadi mifupa ikaruka. Mitwali akasimama kumwuliza mtoto huyu anampigia nani meza, Haja akamwuliza seremala huyu anamwita nani mtoto, na Insaf, huku damu ikimchemka masikioni, alihisi mchuzi uliomwagika unatambaa kuelekea katikati ya meza, unajipanga kwenye mstari ule ule, na juu ya kelele zote alisikia bakuli la bati likichota, likimwaga, likingoja, likichota tena, karibu kabisa na magoti yake, na harufu ya kafuri ikapanda ikazima harufu ya bata, na hapo ndipo Rawia, ambaye hakuwa amesema neno, alipoinuka kwenye kiti chake, akasukuma sahani kwa mkono mmoja zikaanguka sakafuni, akapanda mezani na viatu vyake vipya, akalala chali juu ya wali, akanyoosha miguu, akalaza mikono ubavuni, akafumba macho.

"Anzeni mkono wa kuume," akasema Rawia. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, iliyochoka, iliyojaa ghadhabu. "Maji ya mkunazi kwanza, kafuri mwisho. Nimewabeba maiti wa mtaa huu tangu babu zenu, wazee na vichanga, na hakuna aliyenidharau. Nyinyi mmeniziba koo. Mmenitemea mifupa. Mmeniwekea bata mgongoni."

Hilmi alikimbia kutafuta daktari. Mitwali na Haja wakamshika Rawia mabega na miguu wamshushe, wakashindwa. Msichana yule mwembamba alikuwa mzito kama kizingiti cha jiwe. Midomo yake ilikuwa inageuka buluu. Insaf alimgusa mguu, akaukuta una baridi ya yale maji ya jana asubuhi.

Hakupiga kelele. Alifungua dirisha akamwita Bi Wagida wa nyumba ya tatu, ambaye huosha maiti wa kike pale msikitini kwao, kwa sababu maneno ya mkono wa kuume na mkunazi yalikuwa maneno ya kazi ya Wagida.

Bi Wagida aliingia amekunja mikono ya gauni. Hakumtazama msichana. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akapitisha kiganja katikati ya ubao, akakwaruza kwa kucha.

"Nani kaziba mfereji wangu?"

Kisha akamgeukia seremala.

"Mitwali. Nakuuliza wewe. Ubao huu wa kuoshea maiti nimeuinamia miaka thelathini. Ulipoletwa ule wa chuma, imamu alikupa huu uupeleke makaburini, ufukiwe, maana ni wakfu wa maiti. Ulisema umeufukia."

Basi siri ikatoka. Mitwali alisema, mwanzo kwa hasira, kisha kwa sauti iliyozidi kufifia, kwamba makaburini alipeleka mbao za kreti zimefungwa gunia, zikafukiwa hizo. Kwamba mgunga wa unene ule haupatikani tena popote. Kwamba alishindwa kutazama ubao mzuri namna ile ukitiwa mchangani uliwe na mchwa. Fundi wa Dumyat atavumilia kumwona mwanawe ana njaa, lakini ubao mzuri ukioza atalia. Huo ndio ugonjwa wao, na Insaf alimchukia kwa ugonjwa huo kuliko alivyowahi kumchukia.

"Kila ubao wa namna hii una mkaaji wake," akasema Bi Wagida, amepunguza sauti. "Hana ubaya. Hunywa maji ya mwisho, anatulia. Huyu mmemnyima kazi yake mkamkebehi. Sasa anataka aoshwe mtu, na amekwisha chagua. Pumzi za binti huyu si nyingi."

"Anataka mtu," akasema Insaf. "Lazima awe yeye?"

"Aliyemwiba akikiri kwa ulimi wake, akalala mwenyewe kwa hiari, huenda akakubali. Na anachokitwaa kwa mtu sikijui, Mama Rawia. Sitakudanganya."

Insaf akamgeukia mumewe. Alikuwa amejiandaa kumburuta. Lakini Mitwali alikuwa tayari ameshika patasi. Alizibua mfereji ule ubavuni mwa bintiye, vipande vya gundi vikiruka, kisha akaweka kinywa chake juu ya mbao.

"Mimi ndiye niliyekuchukua," akasema. "Mwanangu hana kosa. Mwachie."

Rawia akawa mwepesi. Haja Tawhida akamnyanyua peke yake, akamkumbatia kifuani na bangili zake zote, akamtoa chumbani. Bi Wagida naye akatoka akasimama nyuma ya mlango, kwa kuwa mwanamume haoshwi na mwanamke ila mkewe. Mitwali akavua shati. Akalala juu ya meza aliyoiunda, akafunikwa shuka kutoka kitovuni hadi magotini.

Insaf akamwosha. Bi Wagida alitaja kila hatua kutoka nje, naye akafuata: mkono wa kuume, ubavu wa kuume, kisha wa kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili. Alisugua kwa hasira yake yote, kwa ajili ya sakafu, kwa ajili ya uongo, kwa ajili ya midomo ya buluu ya mwanawe.

"Taratibu wewe mwanamke," Mitwali akanung'unika, amefumba macho. "Unasugua sufuria?"

"Sufuria ingekuwa na faida."

Alimwona akitabasamu. Akamimina maji ya tatu, yale ya kafuri, na maji yakaingia mfereji yakashuka kuelekea miguuni, na Insaf akangoja yadondoke sakafuni, akangoja, sakafu ikabaki kavu. Chini ya meza kitu kilimeza, polepole, funda baada ya funda, mpaka kikashiba.

Chumba cha pili Rawia akapiga chafya, akauliza nani kampaka wali.

Mbao zilifukiwa makaburini alasiri ile ile, imamu akishuhudia. Wiki mbili baadaye Fatiha ilisomwa sakafuni, na Haja Tawhida alikunja miguu yake bila kulalamika, akala bata mpaka akafungua mkanda. Hilmi hakuacha kumtazama Rawia, na Rawia alikuwa mzima, mwekundu, mwenye kucheka. Insaf alipata alichokitaka.

Lakini Mitwali hakugomba tena. Alishukuru kwa chai. Alimwuliza kama amelala vizuri. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyekuja kutoa pole msibani. Siku moja, Insaf alishindwa kuvumilia, akachukua randa ambayo Mitwali alirithi kwa babake, akaitupa dirishani mbele ya macho yake, akasimama mikono kiunoni akingoja mtaa mzima usikie matusi.

"Haidhuru," akasema Mitwali.

"Nitukane," Insaf akamwambia. "Mitwali, nakuomba. Neno moja tu."

Alimtazama kwa huruma, akampigapiga mkono. Mitwali wa miaka yote ile alikuwa mwoga wa maiti, hata babake mzazi alioshwa na watu wengine.

"Usihuzunike, Insaf. Siku yako ikifika nitakuosha mimi. Nimeona wengi mno, najua inavyotakiwa."

Kisha akaketi sakafuni, akamenya chungwa, akaligawa, akampa nusu iliyo kubwa. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa yao, Mitwali hakuwahi kumpa nusu iliyo kubwa.