Mume Wangu Aliniambia Nikatae Kazi ya Kudumu

"Amekataa kweli?"

"Amekataa! Kaenda mwenyewe kwa bosi wake, meno yote nje, kasema hapana asante."

Wakacheka... Nyie, walicheka mpaka yule mwanamke akapaliwa!

Mimi nimesimama nje ya mlango wa chumba cha kufulia, chini ya jengo letu kule Hässelby, mfuko wa sabuni mkononi. Waliisahau. Nikasema ngoja niwashushie, zamu yetu ya mashine isije ikapita bure.

Sauti ya kiume ilikuwa ya Damas, mume wangu wa ndoa. Ya kike ilikuwa ya Adelina, "binamu" yake, anayelala kwenye kochi langu tangu aje kusoma!

"Na ruhusa yake ya kuishi ikiisha?" Adelina akauliza.

"Inaisha mwezi wa tano. Mimi simsimamii tena. Hana mume, hana kazi inayoeleweka, ruhusa ya kudumu ataipatia wapi? Atarudi kwao Bukoba. Kazi unachukua wewe, nyumba tunabaki sisi."

Jamani!!

Ngoja niwaeleze vizuri.

Hapa Sweden nilikuja kama mke wa mtu. Unapewa ruhusa ya muda, ikiisha unaomba nyingine. Ukitaka ya kudumu, uwe umekaa miaka kadhaa na uonyeshe kazi ya uhakika ya kukulisha mwenyewe. Na hizo sheria hazitulii! Leo wamekaza hapa, kesho unasikia wanataka kuifuta kabisa kwa watu fulani. Tunaishi roho mkononi.

Kiswidi cha kazini nakijua. Cha barua za serikali ndicho kinachonitoa jasho. Kwa hiyo barua alifungua Damas. "Hayo niachie mimi, mke wangu, wewe pumzika."

Na mimi nikaona nimepata mume anayenijali! Si ndivyo tulivyolelewa, makaratasi ya nyumba anashika baba? Bwege mimi.

Basi Nora, bosi wangu kwenye nyumba ya wazee, akaniita kunipa mkataba wa kudumu. Nikarudi nyumbani nachekelea. Damas akashika kichwa.

"Usithubutu kusaini!"

"Kwa nini tena?"

"Sheria zimebadilika! Ukisaini wanakutoa kundi la wake, wanakupeleka kundi la wafanyakazi. Huko kima cha mshahara wamekipandisha, wako haufiki. Unafukuzwa nchini!"

Kima kimepandishwa kweli, hata kanisani walikuwa wanalia nacho. Ila kile ni cha waliokuja kwa ruhusa ya kazi, mimi kilikuwa hakinihusu hata chembe! Muongo mzoefu ndivyo anavyofanya, anachukua kaukweli kadogo anakachanganyia sumu.

Nikakataa. Na kwa Nora nikampigia debe nani? Adelina! Niliyemfundisha kwa mikono yangu namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani...

Nikausukuma ule mlango. Mkono wa Damas ulikuwa kiunoni kwake.

"Wifi!" Adelina akaruka.

"Wifi wa nani?"

Damas hata haya hakuona. "Umesikia, umesikia. Sasa utafanya nini? Bila mimi, kwenye nchi hii wewe ni nani?"

Nikaufungua mfuko wa sabuni, nikammwagia wote kichwani. Akawa mweupe mpaka kwenye nyusi!

Nikapanda juu, nikafungasha, nikaenda kwa rafiki yangu Veronica, Sundbyberg.

Asubuhi nikamfuata Nora. Amezaliwa hapa hapa, wazazi wa Moshi, Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Nora, ile nafasi bado ipo?"

"Pole, dada... Nafasi mimi nimempa Adelina."

Nililia kama nimefiwa. Nora akaenda kumwita Jonathan, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Akaniuliza kwa Kiswidi, taratibu nimwelewe.

"Umeanza lini hapa?"

"Mwaka juzi. Wananipa mikataba mifupi mifupi, ukiisha huu wananipa mwingine."

"Umewahi kukatisha?"

"Sijawahi."

Akamgeukia Nora. Nora akainamisha uso.

"Paskalia," Jonathan akaniambia, "ulikataa kitu ambacho kilishakuwa chako."

"Unasemaje?!"

"Hawawezi kukufanyisha kazi kwa vimkataba milele. Muda fulani ukipita, kazi yako inakuwa ya kudumu yenyewe, usaini usisaini. Na muda huo umefupishwa miaka hii hii."

Sheria zimebadilika! Kumbe Damas alisoma za kunifukuza tu, za kunibakiza hakuziona. Nikacheka huku machozi yanatiririka.

Nora akaniandikia uthibitisho wa kazi ya kudumu; Adelina akabaki na yake, mimi na yangu. Maombi ya ruhusa ya kudumu nikajaza mwenyewe, Veronica pembeni. Nikasema ukweli wote: ndoa imekufa, kazi ninayo, maisha yangu yako hapa. Damas naye akawaandikia watu wa uhamiaji kwamba hanitaki. Aandike!

Nilisubiri, nyie... Miezi hiyo kila siku nilikuwa nachungulia sanduku la barua.

Jibu lilipokuja nikalifungua mwenyewe, nikalisoma mwenyewe neno kwa neno.

YA KUDUMU!

Sasa juzi simu ikalia. Damas.

"Mke wangu..."

"Mke wa nani?"

"Adelina kahama. Alivyokaa vizuri kazini tu, kahamia Upplands Väsby kwa jamaa mwingine. Nikamuuliza, na mipango yetu je?"

"Akasemaje?"



"Kasema sheria zimebadilika."

Nilicheka mpaka Veronica akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini! Nikamkatia simu.

Dada zangu mlioko ugenini, yangu msiifanye sheria, kila kesi na yake. Muulize mwanasheria, uliza chama chako cha wafanyakazi. Lakini barua yenye jina lako ifungue wewe, hata kama utaelewa neno moja tu. Hilo moja likusumbue mpaka uyajue mengine.

Na wewe mwanaume unayemsomea mkeo barua nusu nusu, endelea tu. Sabuni haijaisha madukani.