Dole la Bi Mwanakuu

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha benki saa nne asubuhi. La pili likampata Nabiha begani. Barabara ya Digo ilifurika watu walioambiwa akiba zao hazitoki, nao walikuwa wakipiga kelele, "Wezi! Watoeni nje!" Nabiha alikuwa amechomoka mlango wa nyuma, buibui limefunika sare yake ya kazi. Mkono wenye nguvu ukamvuta ndani ya duka la vitambaa, shata ya mlango ikashushwa.

"Pole, dada. Hata wateja wenzao wawapiga!"

Aliyesema alikuwa Ubaid, seremala wa mtaa wa Ndia Kuu, kanzu imechanika kifuani. Nabiha alikuwa karani wa benki ile ile. Hilo hakumwambia, ila namba ya simu alimpa.

"Umeniroga," Ubaid alimwambia kwa simu wiki hiyo. "Leo nimepima ubao mara nne, na bado nimekata mfupi."

"Basi nitafute fundi mwingine?"

"Thubutu! Nitamkata yeye."

Mwezi wa pili wa mapenzi yao, dalali alifika kwa kina Ubaid na mabaunsa, wakatupa vyombo njiani. Mamake, Bi Mwanakuu, aling'ang'ania mlango, wakamkanyaga vidole. Mama huyo alikuwa ameambiwa na benki kwamba anafungua akaunti ya Hija. Kumbe alipigishwa dole kuweka nyumba rehani, kwa mkopo wa rafiki wa meneja. Chini ya karatasi palikuwa na sahihi ya shahidi: Nabiha Badawi.

Ubaid aliupiga ngumi mlango wa kina Nabiha hadi mkono ukatoka damu.

"Ulinipenda, au ulikuwa wanipeleleza?"

"Sikujua ni mamako, wallahi!"

"Na angekuwa mama wa mwingine?"

"Nilijua hakusomewa karatasi ile. Meneja alisema nitie sahihi au nitafute kazi kwengine. Nikatia."

"Bora jambazi wa panga. Huyo ningemwona akija."

Akaondoka.

Siku ya tatu Nabiha alichukua nakala za hati za wazee kumi na tisa waliofanyiwa vivyo hivyo, akazipeleka kwa wapelelezi wa polisi. Meneja akampigia simu: "Wataka kufa kwa ajili ya vikongwe?" Hakurudi nyuma.

Alasiri moja wanaume wawili walimbana kichochoroni, Mji wa Kale. Wakamvunja mkono wa kulia kwa nondo. Ukelele wake ulifika karakana ya Ubaid, naye akaja mbio na nyundo. Alimpiga mmoja gotini, mfupa ukalia. Wa pili akamchoma kisu ubavuni kabla majirani hawajamwangusha.

Kesho yake Ubaid alijikokota, akishika ukuta, hadi wadi ya wanawake. Alimkuta mamake, vidole vimefungwa bendeji, akimlisha Nabiha uji.

"Mama, umemsamehe?"

"Sijamsamehe. Nyumba yangu ina kufuli la dalali. Lakini huyu atakwenda kusema mahakamani, mbele ya meneja wake, nilivyodanganywa. Akifa njaa, atasema nani? Fumbua mdomo, wewe!"

Nabiha alimeza huku machozi yakimtiririka.

Ubaid akaketi kwa taabu. "Nilipanga kuleta wazee na posa. Nimeleta nyuzi kumi na mbili za ubavuni."

"Sitaki kuolewa kwa huruma, Ubaid."

"Huruma gani? Bado nina hasira nawe. Nataka tukagombane nyumbani kwetu, mimi na wewe."

"Nyumba gani?" aliuliza Bi Mwanakuu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya dalali, akacheka.